Plani ya kalite ya mradi mudogo: mwongozo kamili ili isirudishwe tena

Kila wiki kuna mutu ananitumia mradi yake ku WhatsApp, anaomba niiangalie mbele ya kuituma kwa mufadhili, na kila mara nikifika ku sehemu ya kalite ninakutaka sentensi moja tu: "kazi itafanywa na bafundi bazuri na bitu bya kalite ya juu." Njo basi. Kisha mradi inarudi na maandishi mekundu pembeni, mutu anashangaa, eti banamuonea.

Hawakuonei. Hiyo sentensi haisemi kitu. Nimeshaeleza hii jambo kwa bavokale mpaka koo imekauka, sasa ninaiandika mara moja, kila mutu asome mwenyewe.

Nitatumia mfano moja toka mwanzo mpaka mwisho: kioski ya maji ya robine 4 hapa Goma, tuseme upande wa Ndosho, iko na tanki ya lita 5.000 na dale ya betoni fasi bamama banawekaka bidoni. Kama wewe unafanya masomo ya kushona ao kufuga kuku, usikimbie, hatua ni zile zile, unabadilisha tu bipimo.

## Bitu bya kuwa nabyo mbele ya kuanza

Hauhitaji programu ya kulipia. Tafuta hii:

- Kaye moja ngumu, ya kurasa mingi, na stilo mbili (ya pili ni juu ya kwanza itaibwa)
- Telefone yenye kronometre na kamera
- Mita ya kupimia, na tuyo ya plastike inayoonesha maji ndani, mita 10 hivi, njo nivo ya bamaskini na haidanganyake
- Bidoni ya lita 20 yenye imeshapimwa (nitaeleza) na buruweti ya lita 60
- Kifaa kidogo cha kupima klorini na tembe za DPD namba 1 (zinageuza maji pinki kama klorini imo), kama mradi ni ya maji
- Karatasi ya mistari miraba, ile ya hesabu ya batoto ba shule
- Devi na mukataba ya kazi, kopi yako mwenyewe, usiwe unaenda kuomba kila siku ku biro

Na mutu moja mwenye hatakuwa na aibu kusema "simameni." Huyu ni wa lazima kuliko hata mita.

## Maneno yenye yanachanganyaka batu

Sitaweka yote, ni yale tu yenye ninaonaka yanaleta kosa.

Kalite na daraja si kitu kimoja. ISO 9000, kanuni ya kimataifa ya kalite, inasema, kwa kifupi, kalite ni kiasi gani kitu kinajibu matakwa yenye iliwekewa. Daraja ni ngazi ya kitu: robine ya plastike na robine ya shaba ni madaraja mbili. Robine ya plastike yenye haivuji na inafanya kazi muda yenye mulikubaliana iko na kalite, hata kama ni daraja ya chini. Robine ya shaba, ya bei, inayovuja siku ya tatu, haina kalite. Daraja ya chini inaweza kuwa chaguo, makuta njo kidogo, lakini kalite ya chini ni shida kila mara. Batu wengi banaandika daraja wakidhani banaandika kalite, "tutanunua bitu bya Ulaya", haya, na nani ataona kama binafanya kazi?

Kuhakikisha na kukontrole. Kuhakikisha ni kuangalia namna ya kufanya kazi: je, bafundi banafuata dozaji (kipimo cha kuchanganya betoni), je, kuna mutu anaandika? Kukontrole ni kuangalia kitu chenyewe kisha kufanywa: dale imepasuka ao haijapasuka? Ukifanya ya pili peke yake, unakuwa daktari wa maiti.

Gharama ya kalite iko na mifuko ine. Ya kuzuia (kufundisha fundi, kununua muchanga safi). Ya kupima (saa ya mutu, tembe za klorini). Ya kosa lenye munaliona nyinyi wenyewe mbele ya kukabidhi (kubomoa na kurudilia). Na ya kosa lenye watu banaliona kisha munaondoka, hiyo njo mbaya zaidi, juu unalipa makuta na jina yako pia. Mbili za kwanza unaziweka mu bajeti. Mbili za mwisho zinajiweka zenyewe.

Kurudilia sawa si kupata kweli. Hapa nitakaa kidogo. Kuna kioski tulipima muda wa kujaza bidoni, batu batatu tofauti, kila mutu mara yake: sekunde 165, 166, 165. Tukafurahi, vipimo vinafanana! Kumbe ile bidoni ya manjano tunaitaka ya lita 20 na tulikuwa tunaijaza mpaka ku shingo, inapita 20 vizuri. Tulikuwa tunarudilia uongo moja mara tatu. Dawa yake: weka bidoni tupu ku mizani, soma kilo zake, mimina maji mpaka uongeze kilo 20 kamili, kisha chora mustari na makeri nyeusi pale maji imefika. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu imeisha. Fanya hivyo kwa bidoni ya kupimia na usiikopeshe mutu.

## Hatua 1: Geuza maneno ya watu kuwa namba

Enda ku kioski yenye iko jirani, asubuhi saa kumi na mbili, simama. Usiulize "munataka kalite gani", hakuna mutu atakujibu. Uliza: nini inakuchoshaka hapa?

Mama moja atakuambia: "Mwanangu, line iko murefu, ninafikaka ku soko nimechelewa." Mwingine: "Maji inanukia dawa, batoto bananikatalia." Mwingine: "Tunasimamaka mu matope." Andika bile banasema, na maneno yao.

Kisha kaa chini, geuza:

- "Line murefu" inakuwa: robine itoe angalau lita 7,5 kwa dakika. Maana yake bidoni ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 160.
- "Inanukia dawa" inakuwa: klorini yenye inabaki ku robine iwe kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita. Chini ya hapo maji haina ulinzi, juu ya hapo batu banarudi ku ziwa, na ziwa Kivu haliko mbali.
- "Matope" inakuwa: dale iwe na muteremuko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mufereji, na dakika 10 kisha kufunga robine pasibaki maji imesimama.

Bipimo bya maji sijabitoa kichwani, ni bile bya Sphere, kitabu cha kimataifa cha kanuni za misaada, kila mutu mwenye anafanya mambo ya maji hapa Goma anabijua. Humo pia kuna lita 15 kwa mutu kwa siku na batu 250 kwa robine moja. Sasa fanya hesabu yenye batu banarukaka: robine 4 mara batu 250 ni batu 1.000. Mara lita 15 ni lita 15.000 kwa siku. Tanki yako ni lita 5.000, kwa hiyo ijazwe mara tatu kila siku. Na robine 4 zikitoa lita 30 kwa dakika zote pamoja, lita 15.000 zinahitaji dakika 500, ni saa 8 na dakika 20 bila kupumzika. Kama uliandika mu mradi kioski itafunguliwa saa sita kwa siku, umeshaanguka, na betoni yako inaweza kuwa ya muzuri kabisa.

Angalisho: usiweke bipimo ishirini. Sita ao saba inatosha. Kila kipimo chenye unaandika ni kazi ya mutu fulani, kila siku.

Utajua umefaulu: mpe mutu mwenye hajui mradi yako ile orodha, mwambie "nenda kapime." Akirudi na jibu bila kukuuliza kitu, iko sawa. Akisema "sasa hapa 'muzuri' ni namna gani?", rudia.

## Hatua 2: Kila kipimo kijibu maswali sita

Chora meza mu kaye. Kwa kila kipimo: nini kinapimwa, kiasi gani kinakubaliwa, na chombo gani, nani, lini, na kikikosa tunafanya nini.

Mfano wa mustari moja wenye umejaa:

*Klorini ku robine namba 1 na namba 4. Kati ya 0,2 na 0,5. Tembe ya DPD 1. Mulinzi wa kioski, na mama wa komite ya kioski anahakikisha. Saa moja asubuhi na saa nane mchana. Ikiwa chini ya 0,2: funga robine, ita fundi wa klorini, pima tena kisha dakika 30, usifungue mbele ya hapo.*

Ona ile sehemu ya mwisho. Plani karibu zote zenye nimesoma ziko na "nani" na "lini", lakini hazina "kikikosa tunafanya nini." Halafu siku klorini inasoma 0,1, mulinzi anaandika 0,1 mu kaye, anafunga kaye, batu banaendelea kuteka. Amefanya kazi yake! Hakuna mwenye alimwambia afunge robine, na line iko na bidoni mia, wewe ungefunga?

Tena andika jina ya kazi, si "timu." Timu, hakuna mutu anaweza kuikamata.

## Hatua 3: Chora njia ya kazi, weka pa kusimama

Chukua ukurasa muzima, chora kazi kama njia: kuchimba, kusawazisha mawe, kofraje (mbao za kushika betoni), byuma, kumwanga betoni, kulowesha, kufunga tuyo, kuweka tanki, kujaribu, kukabidhi. Miraba na mishale, mutoto wa shule anaweza.

Halafu tafuta pale kosa likipita halitaonekana tena. Byuma vikishafunikwa na betoni, hakuna mutu ataona kama vilikuwa vya milimita 10 ao 8. Tuyo ikishafukiwa, hivyo hivyo. Pale weka alama nyekundu: hapa tunasimama, hakuna mutu anaendelea mpaka fulani aone, apige picha, na aweke sinyature mu kaye.

Kwa kioski yetu ningeweka tatu tu: mbele ya kumwanga betoni, mbele ya kufukia tuyo, mbele ya kufungulia watu maji. Ukiweka kumi bafundi bataanza kusaini bila kuangalia, na hapo ni heri usingeweka hata moja.

Angalisho: mwambie shefu wa shantie hizi fasi mbele, mu mukataba, si siku yenyewe. Fundi mwenye amekodi mashini ya kuchanganya kwa siku, ukimsimamisha bila kumwambia mbele, muko na palabre na iko na haki.

## Hatua 4: Zuia kosa ku shantie yenyewe

Nitasema ya dale, juu njo pale nilichomwa.

Dale yangu ya kwanza tuliimwanga siku ya posho, mchana, kila mutu anataka kwenda nyumbani. Jua ilikuwa kali. Yenga hakuna mutu alirudi kumwangia maji. Siku ya kwanza asubuhi nikakuta imepasuka katikati, mustari unaweza kuingiza ukucha. Shirika yenye ilikuwa inalipa ilituma picha moja tu, bila neno, na ile kimya ilinifundisha kuliko formasio yote.

Sasa fanya hivi.

Dozaji. Kwa dale ya kawaida yenye byuma, bafundi wetu banajua "350", ni kilo 350 za simenti kwa mita kibiki moja, mifuko 7 ya kilo 50. Ku shantie hiyo inakuwa: mufuko 1 wa simenti, buruweti 1 ya muchanga, buruweti 2 za garavie (mawe madogo), buruweti ya lita 60 iliyosawazishwa juu na ubao. Iliyosawazishwa! Si ile ya kilima. Buruweti yenye kilima inaongeza muchanga mingi na hakuna mutu anahesabu.

Maji. Lita 25 hivi kwa mufuko moja, na upunguze kama muchanga imenyeshewa. Fundi atataka kuongeza juu betoni laini inamwangika mbio. Kataa. Maji ya zaidi ikikauka inaacha matundu, na nguvu inapotea. Hapa kwetu kuna jambo lingine: garavie yetu ni mawe ya volkano, ile yenye matundu-matundu inakunywa maji kama sifongo. Iloweshe mbele ya kuchanganya, tangu jana yake kama unaweza, la sivyo itakunywa ile maji ya simenti na fundi atakuwa na sababu ya kuongeza.

Kupima ulaini. Azima ile koni ya chuma, iko ya sentimita 30 kwa urefu, 20 chini, 10 juu. Jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka ichome mara 25 na chuma, sawazisha, nyanyua koni polepole wima. Betoni itashuka. Pima imeshuka sentimita ngapi. Kati ya 5 na 9 ni sawa kwa dale yetu. Ikianguka yote kama uji, umeweka maji mingi, na usiokoe kwa kutupia simenti kavu juu, changanya ingine.

Kulowesha. Siku 7, funika na mifuko ao mashuka ya zamani, mwangia asubuhi, mchana, magaribi. Lipa mutu kwa hiyo kazi, umuandike mu bajeti. Ni makuta kidogo sana ukilinganisha na kubomoa. Betoni inahesabiwaka nguvu yake ku siku ya 28, kwa hiyo usiende kuweka tanki ya lita 5.000 juu yake ku siku ya tano eti imekauka. Lita 5.000 ni tani 5.

Utajua umefaulu: kisha siku 7 hakuna mupasuko wenye ukucha inaingia, na ukimwanga bidoni ya maji ku kona ya juu inakimbia yenyewe ku mufereji. Ule muteremuko upime na tuyo ya maji mbele ya kumwanga betoni, ku kofraje. Kisha betoni kukauka kupima ni kulia tu.

## Hatua 5: Fishi ya kuhesabia, kisha Pareto

Kioski imefunguliwa. Bandika karatasi ndani ya mulango, aina za kosa zimeandikwa, na kila kosa likitokea mulinzi anachora kamustari. Vile vile tunahesabiaka mifuko ikishushwa ku kamio: ine wima, wa tano unazikata. Hakuna kuandika hadithi.

Tuseme kisha wiki mbili karatasi inasema hivi: robine inavuja 17, maji imesimama ku dale 12, klorini chini 6, bidoni inachelewa kujaa 3, kufuli ya mulango 2. Jumla 40.

Panga toka kubwa mpaka ndogo, chora nguzo. Mbili za kwanza ni 29 juu ya 40, asilimia 72 na nusu. Njo kusema ukitengeneza hizo mbili, karibu robo tatu ya makelele inaisha. Hiyo chati inaitwa Pareto na haina siri ingine yoyote.

Lakini angalia hapa, batu banadanganyikaka: kosa lenye linatokea mara mingi si lazima njo baya zaidi. Klorini chini mara 6 inaweza kulaza mutaa muzima, na sisi hapa tunaijua kolera kwa jina. Mimi klorini siiweki hata mu mashindano na kufuli. Inatengenezwa siku ile ile. Pareto ni ya yale mengine.

## Hatua 6: Mufupa ya samaki na "juu ya nini" tano

Robine inavuja mara 17. Mutu wa haraka ananunua robine zingine 4, na kisha mwezi anarudi pale pale.

Chora samaki. Kichwa: "robine inavuja." Mifupa: batu, kifaa, namna ya kufanya, bitu tulinunua, kupima, mazingira. Mujapani Ishikawa njo alituletea huyu samaki, mimi ninamuitaka sambaza maana iko na mifupa mingi na inaliwa yote. Kaa na mulinzi, fundi, na bamama wawili watatu, kila mutu aseme anachoona, uandike ku mufupa wake bila kubishana. Ukimkatiza mama mara moja, hatasema tena.

Kisha chagua mufupa moja wenye uko na harufu, uliza "juu ya nini" mara tano:

Robine inavuja juu ya nini? Raba ya ndani imelika.
Imelika juu ya nini? Batu banakaza kwa nguvu sana.
Juu ya nini? Ni robine ya kuzungusha-zungusha, mutu hajui imefunga ao bado, anakaza tu mpaka mukono iume.
Juu ya nini tuliweka ya namna hiyo? Njo ile fundi alipata ku depo, ilikuwa ya bei ya chini.
Juu ya nini alinunua ile? Devi iliandika "robine 4." Basi.

Umeona tumefika wapi? Si fundi, si bamama. Ni ile karatasi ya mwanzo, yenye haikuandika robine ya kugeuza robo duara, ya kutumiwa na batu wengi. Siku nyingi ukifuata mufupa mpaka mwisho unakuta sentensi yenye mutu wa biro aliona uvivu kuimaliza, na mara nyingine huyo mutu ni wewe.

Angalisho: jibu likifika ku jina ya mutu ("juu fulani ni muvivu"), umepotea njia. Rudia nyuma hatua moja, uliza tena.

## Hatua 7: Chati ya kukontrole, usiogope

Hapa njo wengi banaachaka, na njo hapa kuna faida kubwa. Inahitaji kujumlisha na kugawa, kazi ya darasa ya sita.

Kila asubuhi saa moja, bidoni ile yenye mustari, robine namba 2, kronometre. Siku kumi za kwanza tuseme zilitoa: 142, 146, 140, 145, 143, 147, 141, 144, 146, 146.

Jumlisha, ni 1.440, gawa na 10: wastani sekunde 144. Chora mustari wa katikati.

Sasa tofauti ya siku moja na yenye inafuata: 4, 6, 5, 2, 4, 6, 3, 2, 0. Jumla 32, gawa na 9, inatoa 3,56. Zidisha na 2,66 (hiyo namba ni ya kudumu kwa chati ya namna hii, ichukue hivyo): karibu 9,5. Mupaka wa juu ni 144 ongeza 9,5, ni 153,5. Wa chini 134,5. Siku kumi ni kidogo, ukifika 20 rudilia hesabu.

Usichanganye hii mipaka na ile 160 ya hatua ya kwanza. 160 ni matakwa, tuliiweka sisi na bamama. 153,5 ni sauti ya robine yenyewe, inakuambia "mimi nikiwa muzima ninatembeaka hapa kati."

Sasa wiki ingine inasoma: 145, 147, 148, 149, 150, 150, 151.

Mukaguzi akipita ataona zote ziko chini ya 160, ataweka sinyature, ataenda. Tena hakuna hata moja imepita 153,5. Lakini angalia nukta zako: saba mufululizo, zote upande moja wa wastani, na tena zinapanda. Saba mfululizo upande moja si bahati, kuna kitu kimebadilika. Enda fungua filtre, angalia kama matope imeanza kuziba, angalia tanki inajazwa mpaka wapi, juu maji ikiwa chini mu tanki presio inashuka. Unatengeneza leo, mbele ya mama hata moja kuona line imekuwa murefu.

Na kinyume chake: siku moja ikisoma 149 kisha 142, usiguse kitu. Ni kuyumba kwa kawaida. Nilishaona fundi anarekebisha valve kila siku kufuata kila namba, na kwa kurekebisha kwake yote ikawa mbaya zaidi.

Utajua umefaulu: mulinzi anakupigia yeye mwenyewe, anasema "nukta zinapanda," na wewe bado uko nyumbani.

## Hatua 8: Kukabidhi

Siku ya resepsio usiende na hotuba. Enda na ile meza ya hatua ya 2, soma mustari kwa mustari mbele ya komite, na pima pale pale: bidoni, kronometre, tembe ya DPD (maji ikigeuka pinki kidogo batoto batapiga makofi, waache). Kila mustari: imefaulu ao haijafaulu. Kama kitu hakijafaulu kiandikwe, na tarehe ya kukitengeneza, na nani. Resepsio yenye iko na makosa mawili yameandikwa, mimi ninaiaminia kuliko yenye haina hata moja.

Mwachie mama wa komite tembe za miezi mitatu, raba za robine za akiba, na namba ya fundi. Kaye ibaki ku kioski, si ku biro yako. Toboa kona, ifunge na kamba ku musumari, na stilo nayo uifunge.

Mimi niliifunga kaye tu. Kisha siku mbili mulinzi ananipigia, eti namba ziko lakini anaziandika ku ukuta na kipande cha makala.